Kubadilisha klachi ya Corolla 110 nyumbani bila vifaa maalumu vya gereji

Mkazi wa Lushoto

Shikamooni wakubwa, na habari zenu ndugu wengine.

Nina Toyota Corolla 110 yenye injini ya 5A na giaboksi ya mkono ya gia tano. Kwa majuma kadhaa sasa, nikipanda kutoka Mombo, mshale wa mizunguko ya injini huruka juu kila ninapoongeza mafuta kwenye zile kona kali, ilhali gari lenyewe haliongezi mwendo, na kabla sijafika Soni harufu ya kuungua huwa imeshajaa ndani. Pedeli nayo imeanza kushika karibu kabisa na mwisho wake wa juu. Ninaamini klachi pleti imekwisha.

Gereji yenye lifti iko mbali nami, na kulibeba gari kwa lori hadi huko ni gharama ambayo ningependa kuiepuka. Nyumbani nina banda lenye sakafu ya saruji, jeki ya chupa, jeki iliyokuja na gari, stendi mbili za chuma, seti ya boksi spana hadi namba 32, na shemeji yangu ambaye ni mtu wa nguvu na mtulivu. Sina jeki ya giaboksi, sina kile kifaa cha kuwekea klachi pleti katikati, sina kifaa cha kutolea bolijointi (kiungo cha mpira wa chuma kinachoshikanisha gurudumu na mkono wa chini), wala spana yenye kipimo cha nguvu. Naomba mnieleze ni kipi kati ya hivyo kinaweza kupatiwa mbadala wa uhakika, na ni kipi kikikosekana nisiianze kazi kabisa.

Fundi wa Chumbageni

Marahaba, ndugu yangu. Dalili ulizozieleza ni za klachi inayoteleza, lakini kabla hujafungua hata nati moja hakikisha mambo mawili. La kwanza ni uhuru wa pedeli. Ibonyeze kwa kidole: inapaswa kwenda kwa wepesi kati ya milimita 5 na 15 kabla ya kuanza kuhisi uzito. Ikiwa haina uhuru wowote, inawezekana kwamba fimbo ya pedeli inaisukuma masta ya juu (pampu ndogo ya klachi iliyo kwenye pedeli) wakati wote, hivyo beringi ya klachi inaibonyeza presha pleti (sahani yenye springi inayoibana klachi pleti) hata kama mguu haujakanyaga pedeli, na klachi nzima kabisa itateleza kwa sababu hiyo. Kurekebisha fimbo hiyo ni kazi ya dakika chache. La pili, simama mahali tambarare, vuta breki ya mkono, tia gia ya nne, pandisha injini hadi mizunguko kama 2,000 kwa dakika, kisha achia klachi taratibu. Klachi nzima itaizima injini. Iliyokwisha itaiacha iendelee kunguruma. Jaribio hilo lifanye mara moja tu, maana linaunguza kile kidogo kilichobaki.

Ikithibitika kwamba klachi imekwisha, nakuhakikishia kazi hii inawezekana katika banda lako. Vifaa maalumu vilivyoko gereji vinaokoa muda, wala si kwamba kazi haifanyiki bila hivyo. Kifaa cha kutolea bolijointi, kwa mfano, hukihitaji. Wengi hufungua nati kubwa ya katikati ya gurudumu, kisha wakapiga nyundo bolijointi hadi mpira wake ukapasuka, wakati kwenye gari hili bolijointi imefungwa kwenye mkono wa chini kwa bolti moja na nati mbili. Fungua hizo tatu, uvute mkono huo chini kwa bomba refu la chuma, na kitovu chote cha gurudumu kitasogea nje bila kuigusa nati kubwa. Hapo utaweza kuichomoa shafti ya gurudumu kutoka kwenye giaboksi. Huwa ngumu kutoka kwa sababu inashikwa na pete ndogo ya waya ndani. Tumia vyuma viwili vya kutolea tairi kwenye ringi, kimoja kila upande, ubinye kwa mkupuo mmoja mfupi. Usiingize ncha ya chuma ndani hadi ikagusa oili sili. Shafti zote mbili lazima zitoke, kwa kuwa giaboksi inasogea kuelekea kushoto ili iachane na injini. Zifunge kwa waya kwenye springi zisining'inie, vinginevyo jointi za ndani zinaweza kuachana.

Kuhusu mpangilio wenyewe: toa waya hasi wa betri kwanza, kisha betri na boksi la chujio la hewa ili upate nafasi ya kufanya kazi kutoka juu. Mwaga oili ya giaboksi, lakini anza kwa kulegeza bolti ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia, kwa sababu ukishamwaga halafu bolti ya kujazia ikakataa kufunguka, gari litabaki halina oili wala pa kuitilia. Masta ya chini ya klachi (pampu ndogo iliyo kwenye giaboksi) iondoe pamoja na bomba lake bila kulifungua, uifunge pembeni, na mtu yeyote asikanyage pedeli hadi irudi mahali pake. Toa nyaya mbili za gia, waya wa taa ya rivasi, waya wa mwendo, na stata. Kisha unakuja kwenye lile boriti la chuma linalopita chini ya injini kutoka mbele kwenda nyuma, nalo linatoka. Mauntingi ya kushoto (kishikizo cha mpira kinachoibeba injini na giaboksi) ifungue mwisho kabisa, baada ya injini kushikiliwa na kitu kingine.

Bolti zinazoshikanisha giaboksi na injini hazilingani urefu. Chora umbo la giaboksi kwenye kipande cha boksi la karatasi ngumu, utoboe matundu, na kila bolti uichomeke mahali ilipotoka.

Mwalimu wa Ufundi Magari, Morogoro

Ndugu Mkazi wa Lushoto, ninaunga mkono maelezo ya Fundi, nami nitajibu lile swali lako la nini kikikosekana usiianze kazi. Ni stendi na sakafu imara, na vyote viwili unavyo. Katika vijiwe vingi gari hupandishwa juu ya matofali ya saruji, na tofali la namna hiyo hupasuka bila kutoa ishara yoyote linapobanwa na ncha ndogo ya chuma. Weka stendi zako chini ya sehemu zilizoimarishwa za bodi nyuma ya magurudumu ya mbele, zuia magurudumu ya nyuma kwa vipande vya mti pande zote mbili, kisha lisukume gari kwa nguvu kutoka ubavuni kabla hujaingia chini. Likitikisika, lishushe uanze upya. Tairi ulizozitoa zilaze chini ya vizingiti vya milango. Aidha, pima kimo mapema: giaboksi ikishalala sakafuni inapaswa kutoka kwa kupita chini ya bampa au kwenye uwazi wa tairi la kushoto, na wapo wanaogundua wakiwa wameshaishusha kwamba gari halikuinuliwa vya kutosha.

Injini ikishakosa mauntingi ya kushoto itataka kuinama. Jeki ya chupa chini ya sampu (bakuli la oili la injini), ikiwa na ubao mpana juu yake, hutumiwa na wengi, lakini mimi sipendi uhai wa mtu aliye chini ya gari utegemee sili ya jeki. Tafuta bomba nene la chuma au mti mgumu mnyoofu, ulaze juu ya kingo za ndani za fenda ambako bodi ina nguvu, uweke vipande vya mbao chini ya ncha zake, kisha funga mnyororo kwenye kile kikulabu cha kunyanyulia injini. Jeki ya chupa ibaki chini kama msaada wa pili.

Bomba la namna hiyohiyo ndilo litakalochukua nafasi ya jeki ya giaboksi. Giaboksi hii ina uzito wa zaidi ya kilo 30, na tatizo lake kubwa ni umbo: haina upande hata mmoja ulio bapa, hivyo ikiwa juu ya jeki ya kawaida hupinduka. Pitisha mkanda wa kufungia mizigo, ule wenye kikazio, ukiizunguka giaboksi katika sehemu yake ya katikati, uufunge kwenye bomba la pili lililolazwa juu ya fenda. Shemeji yako akiwa juu analegeza kikazio kidogo kidogo, nawe ukiwa pembeni, kamwe si chini yake, unaiongoza kwa mikono. Wakati wa kuirudisha mkanda huo utakufaa zaidi kuliko jeki, kwa kuwa unaweza kuikaza au kuilegeza kwa kiasi kidogo sana hadi shafti yake ilingane na tundu.

Sasa klachi pleti. Inabanwa kati ya flaiwili (gurudumu zito lililofungwa kwenye kranki ya injini) na presha pleti, na kabla bolti za presha pleti hazijakazwa haina kitu kinachoishikilia katikati. Ikikaa kando hata kwa milimita chache, shafti ya giaboksi haitaingia, nawe utahangaika na ule uzito ukidhani meno hayajapatana. Kifaa cha kuiwekea katikati kinatengenezwa kwa kijiti cha mti mnyoofu: ncha yake ya mbele iingie bila kucheza katika tundu la katikati ya kranki shafti, na nyuma yake zungushia tepu hadi unene wake ujaze meno ya ndani ya klachi pleti. Kaza bolti za presha pleti kwa mkono kijiti kikiwa mahali pake, kisha chungulia kutoka pande nne kuona kama umbali kati ya ukingo wa klachi pleti na ukingo wa presha pleti ni sawa kote. Angalia pia uso wake: upande ambao kitovu na springi vimetokeza zaidi unaelekea giaboksi. Ikifungwa kinyume, klachi haitakata, na dawa yake ni kuishusha giaboksi upya.

Bolti za presha pleti hukazwa kwa kuvuka, moja na ile inayoikabili, nusu mzunguko kila mara, ili uso wake ushuke kwa usawa bila kupinda. Hapa ndipo kipimo cha nguvu kinapohitajika, nacho kinapatikana kwa mizani ya ndoano ya kupimia mizigo. Nguvu ya kukaza ni uzito unaouvuta ukizidishwa kwa urefu wa mpini. Bolti hizo zinataka Nyutoni-mita 19. Ukifunga ndoano ya mizani kwenye mpini sentimita 20 kutoka katikati ya bolti, ukavuta kwa pembe mraba, mizani ikisoma karibu kilo 9.7 umefika. Bolti za bolijointi zinataka 142, yaani karibu kilo 29 kwenye mpini wa nusu mita. Bolti kubwa za giaboksi zinataka 64, ambazo ni kilo 16 na ushei kwenye mpini wa sentimita 40. Ni njia sahihi kabisa kifizikia, mradi mizani yenyewe isiwe mbovu. Ihakiki kwanza kwa mfuko wa unga au sukari ambao haujafunguliwa.

Nawaomba sana, vumbi lililo ndani ya kengele ya giaboksi (gamba lake linaloifunika klachi) msilipulize kwa upepo wala kwa mdomo. Baadhi ya klachi pleti za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na hakuna namna ya kuitambua kwa macho. Nyunyizia maji yenye sabuni kidogo, futa kwa kitambaa, kitambaa hicho kifungwe kwenye mfuko na kutupwa, na barakoa iwe usoni muda wote huo.

Dereva wa Likoni

Hamjambo nyote. Naandika kutoka Mombasa, ambako hizi 110 bado zinafanya kazi nyingi. Ningependa kuongeza upande wa spea, kwa sababu kazi nzuri kama hiyo inaharibiwa na bidhaa mbovu.

Nunua seti nzima: klachi pleti, presha pleti na beringi. Kuna wanaobadilisha pleti peke yake ili kupunguza gharama, wakirudisha presha pleti ambayo springi yake imeshalegezwa na joto la kuteleza. Kazi ya kuishusha giaboksi ndiyo ghali, hata kama unailipa kwa jasho lako mwenyewe. Kwa gari hili Aisin na Exedy ni majina ya kuaminika, lakini majina hayo yanaigwa, basi usitazame boksi tu. Beba klachi pleti ya zamani hadi dukani, hesabu meno ya ndani, linganisha kipenyo, kisha chomeka pleti mpya kwenye shafti ya giaboksi kabla ya kufunga chochote: iteleze mbele na nyuma bila kukwama na bila kuyumba. Kwa sababu hiyo ni afadhali ufungue kwanza ndipo ununue, kama duka haliko mbali sana.

Kuhusu flaiwili, mimi husema ipelekwe kuchongwa kila klachi inapobadilishwa. Pleti mpya juu ya uso wa zamani ulioungua itatetemeka gari linapoondoka, na utetemeshi huo hauponi kwa kuzoea.

Fundi wa Chumbageni

Ndugu wa Likoni, nakubaliana nawe juu ya seti nzima, ila la kuchonga flaiwili kila mara nalipinga kwa heshima. Kila mchongo unaipunguza unene, na mchonga vyuma asiye makini huirudisha ikiwa na uso usio sambamba na ule unaofungwa kwenye kranki, na hapo utetemeshi utakuwa mkubwa kuliko wa mwanzo. Weka rula ya chuma juu ya uso wake na uchungulie mwanga. Ikiwa iko bapa, haina nyufa wala mifereji inayokwama ukipitisha kucha, na ile rangi ya buluu ya kuungua si zaidi ya madoa machache, isugue kwa msasa kwa mwendo wa duara, uioshe kwa kisafishio cha breki, inatosha. Ikiwa na mifereji au nyufa, hapo nakubali: za mifereji zichongwe, za nyufa zitupwe.

Nimwongezee mwuliza swali jambo la kurudishia. Tafuta bolti mbili ndefu zenye uzi uleule wa zile za giaboksi, uzikate vichwa, uzifunge kwenye injini, moja kila upande. Giaboksi itateleza juu yake ikiwa imenyooka, na wakati wote isiachwe ining'inie kwa shafti yake ndani ya klachi pleti, kwa sababu uzito huo hupinda kitovu cha pleti. Ikibaki na uwazi wa sentimita moja au mbili na ikagoma, tia gia ya tano, uzungushe kidogo injini kwa spana kwenye bolti ya puli ya kranki ili meno yapatane. Usiivute kamwe kwa kukaza bolti. Kengele ya aluminiamu itapasuka sikio. Inapaswa kufika mwisho kwa kusukumwa na mikono tu.

Mkazi wa Lushoto

Nawashukuru sana, Fundi, Mwalimu na ndugu wa Likoni. Uhuru wa pedeli ulikuwapo wa kutosha na injini haikuzimika kwenye jaribio, hivyo tulianza kazi. Giaboksi imeshashuka salama kwa ule mkanda. Klachi pleti imekwisha hadi vichwa vya ripiti vimeanza kuikwaruza flaiwili, ingawa mikwaruzo hiyo haikwamishi kucha na rula imelala sawasawa.

Hata hivyo, ndani ya kengele nimekuta unyevu wa oili sehemu ya chini, na ukingo mmoja wa klachi pleti ulikuwa umelowa. Nitajuaje kama oili hiyo inatoka kwenye injini au kwenye giaboksi, na je, ninaweza kubadilisha sili hiyo kwa vifaa nilivyonavyo?

Mwalimu wa Ufundi Magari, Morogoro

Pongezi kwako na kwa shemeji. Ni vizuri umeuliza kabla ya kufunga, kwa kuwa pleti mpya ikilowa oili haisafishiki. Hunyonya, na ikipata joto huanza kuteleza upya.

Anza kwa kunusa na kuangalia rangi. Oili ya giaboksi ina harufu kali ya salfa isiyosahaulika, na ikivuja utaona njia yake imeanzia kwenye shafti inayoingia klachi, ikirushwa kuzunguka ndani ya kengele. Oili ya injini huwa nyeusi zaidi, na njia yake huanzia nyuma ya flaiwili, ikitiririka kwenye uso wa bloku. Ukikuta nyuma ya flaiwili pamekauka kabisa, sili ya kranki haina kosa, usiiguse.

Ikiwa ni ya kranki, toa flaiwili baada ya kuiwekea alama ya mahali ilipokaa. Ili isizunguke, funga bolti moja kwenye tundu la giaboksi na ulaze bisibisi imara kati ya bolti hiyo na meno ya stata. Sili ya zamani itoe kwa kuchomeka ncha ya bisibisi iliyofungwa tepu kwenye mdomo wake wa mpira, bila kugusa chuma cha kranki, kwa sababu mkwaruzo mmoja hapo utaivujisha hata sili mpya. Mpya ipake oili ya injini kwenye mdomo, iingize kwa kugonga taratibu kuizunguka kwa kipande cha mbao, hadi usawa uleule wa ile ya zamani. Bolti za flaiwili zinataka Nyutoni-mita 78, yaani karibu kilo 20 za mizani yako kwenye mpini wa sentimita 40, nazo zikazwe kwa kuvuka.

Ikiwa ni ya giaboksi, sili yake iko nyuma ya beringi ya klachi, na utaifikia ukishaitoa beringi pamoja na uma wake (mkono unaoisukuma). Njia ni ileile. Wakati wa kurudishia paka grisi kidogo mno kwenye meno ya shafti na kwenye egemeo la uma, kiasi cha kung'arisha tu, maana ziada yote itarushwa kwenye pleti mpya.

Ukimaliza, jaza oili ya giaboksi ya 75W-90 gari likiwa tambarare, karibu lita 1.9, hadi ianze kuchuruzika kwenye tundu la kujazia. Kanyaga pedeli mara kadhaa kabla ya kuwasha injini, hakikisha gia zote zinaingia ikiwa imezimwa, kisha washa ujaribu rivasi kwanza gari likiwa juu ya stendi na wewe ukiwa kwenye usukani, si chini yake. Kwa kilomita 500 za mwanzo epuka kubeba mzigo mzito, na ukisimama kwenye mwinuko lishikilie gari kwa breki, usilishikilie kwa klachi.

Fundi wa Chumbageni

Naongeza moja tu kwa Mwalimu: baada ya kilomita mia moja hivi, lirudishe gari juu ya stendi uzipime tena nati na bolti za bolijointi kwa ile mizani, pande zote mbili, na uangalie kama chini ya kengele pamebaki pakavu.